Tume ni Watu Wake

Mwezi wa Januari mwaka 1961 chama cha Afro-Shirazi kilikipata kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu. Kwa kura hiyo ASP ikawa na viti 10, Hizbu viti 9 na ZPPP viti 3. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, mizani ikasimama 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Likabuniwa jimbo la 23, la Mtambile, uchaguzi ukaitishwa tena mwezi wa Juni, na machafuko yaliyoambatana nao yakachukua roho za watu 68.

Wengi wetu tumesimuliwa habari hizo barazani, na kila mzee anayesimulia ana upande wake. Lakini katika masimulizi yote tuliyoyasikia hatujamsikia hata mmoja akiuliza: ile kura moja aliihesabu nani? Aliyeishika karatasi ile mkononi alikuwa mtu wa namna gani, alipatikana vipi kwa kazi ile, na alikuwa akimwogopa nani?

Kwa watu wa visiwa hivi suali hilo si la kupitishia wakati. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa kura 165,271 dhidi ya kura 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad. Tofauti ni kura 1,565. Watu hao hawaijazi hata robo ya uwanja wa Amaan. Watazamaji wa kimataifa wakasema kwamba katika hesabu zilizotangazwa mlikuwa na hitilafu, na mgogoro uliozaliwa siku ile uliichukua nchi miaka mingi kuutuliza. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa tofauti ya kura 3,471. Panapokuwa na ushindani wa karibu namna hii, kosa la karani mmoja aliyesinzia linaweza kuwa habari ya taifa zima.

Leo basi hatukusudii kuzungumza juu ya nani alishinda na nani alishindwa. Hayo yana wasemaji wake, na hawachoki. Tunakusudia kuzungumza juu ya watu wanaoitwa Tume: nani huwateua, nani huwaajiri kwa siku tatu na kuwaaga kwa posho, na kazi hutoka vipi mikononi mwao.

Kifungu cha 119 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinaiweka Tume ya Uchaguzi yenye mwenyekiti na wajumbe sita, na wote huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Wajumbe wawili hutokana na mapendekezo ya kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi, wawili hutokana na mapendekezo ya upande wa upinzani, mmoja hutoka miongoni mwa majaji wa Mahakama Kuu, na mmoja Rais humteua kwa kadiri aonavyo. Chini yao yupo Mkurugenzi wa Uchaguzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu. Chini ya Mkurugenzi wapo maofisa wa wilaya, nao si wengi. Kisha, unapofika mwaka wa uchaguzi, huja jeshi kubwa la watu wa muda: wasimamizi wa vituo, makarani, walinzi na madereva. Hao ndio mwananchi anaowaona. Mwananchi wa Makunduchi au wa Konde hajapata kumwona mjumbe wa Tume maisha yake yote, lakini karani aliyelikosa jina lake katika daftari anamjua hadi nyumbani kwao.

Tuanze na hao wa chini, kwa sababu ndio waliotuumiza mwanzo.

Tarehe 29 Oktoba 2000 vituo vingi vya Mkoa wa Mjini Magharibi vilichelewa kufunguliwa. Karatasi za kura zilichelewa, na pengine zilipofika hazikuwa zile zilizotakiwa. Watu walisimama foleni toka alfajiri hadi jua likawatoka utosini. Mwisho wake Tume ikaufuta uchaguzi wa majimbo 16 na kuurudia tarehe 5 Novemba, na upinzani ukakataa kushiriki marudio hayo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 damu ikamwagika, na wenzetu wa Pemba wakapanda mashua kukimbilia Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Hatusemi kwamba karatasi zilizochelewa ndizo zilizoua watu. Siasa ilikuwa imekwisha kuchemka. Lakini Tume iliyokosa watu wanaojua kupanga magari na masanduku ilikitia kuni chungu kilichokuwa kikifurika, na yule aliyekuwa na shaka akapata hoja ambayo hakuna aliyeweza kumjibu.

Baada ya Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001 Katiba ikarekebishwa, wajumbe wa upande wa upinzani wakaingia ndani ya Tume, na likaanzishwa daftari la kudumu la wapiga kura. Uchaguzi wa mwaka 2005 ulipofika, sisi tulikuwa vijana wa skuli wa miaka ishirini na ushei, tukachukuliwa kuwa makarani katika kituo kimoja cha shamba, Unguja. Mafunzo yetu yalikuwa ya siku moja. Mkufunzi alizungumza mengi juu ya wino na kidole, na machache sana juu ya fomu ya matokeo, ambayo ndiyo iliyotushinda usiku ule.

Msimamizi wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Kura zilipomaliza kuhesabiwa chini ya taa ya karabai, jumla ya karatasi zilizotoka sandukuni ilipungua kwa moja ikilinganishwa na idadi ya waliotiwa alama katika daftari. Mawakala wa vyama walikuwa wameanza kutazamana. Mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, moja si kitu. Tuandike tu, watu wamechoka." Mzee yule akavua miwani, akaifuta, akajibu, "Moja si kitu kwa nani?" Akatuamuru tuhesabu upya. Tukahesabu mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu ikaonekana: karatasi moja ilikuwa imekunjwa na kuingia ndani ya mkunjo wa nyingine. Mawakala wa pande zote mbili wakatia saini, wakapeana mikono, na yule aliyeshindwa kituoni pale ndiye aliyetuletea chai.

Mzee yule hakuwa na sheria zaidi ya zile zilizokuwa katika vituo vingine. Alikuwa na sifa mbili tu. Alizoea kusahihisha hesabu za watoto na kujua mahali makosa yanapojificha, na alikuwa mtu ambaye kijiji kizima, wa chama hiki na wa chama kile, kilipitia mikononi mwake. Hakuwa akitafuta cheo, wala hakuwa na mtu wa kumwogopa.

Sasa hatuna budi kusema na lile linalotuhusu wenyewe. Miaka kadhaa baadaye tulikaa katika kikao cha chama cha ngazi ya chini, na baada ya ajenda zote kumalizika ikaletwa karatasi yenye majina ya vijana wa kupelekwa wakafanye kazi za uchaguzi. Hakuna aliyeuliza nani kati yao anaandika kwa hati inayosomeka. Aliyelisemea jina moja alisema, "Huyu mtoto wa yatima, naye ale." Aliyelisemea jingine alisema, "Huyu mwenzetu." Sisi tulikuwamo kikaoni, na tulinyamaza. Upande wa pili nao, kwa tunavyowajua, ulikuwa na karatasi yake. Posho ya siku tatu imegeuka sadaka, na kituo cha kupigia kura kimekuwa mahali pa kuwakimu vijana waliokosa ajira. Tunamwonea huruma kijana huyo, nasi tuna wetu nyumbani. Lakini aliyepewa kazi kwa sababu ni mwenzetu, usiku wa kuhesabu atakumbuka ni wa nani.

Mambo hayo yana uzito zaidi tangu Sheria ya Uchaguzi Na. 4 ya mwaka 2018 ilipoiruhusu kura ya mapema, ambayo watumishi wa uchaguzi na askari watakaokuwa kazini huipiga siku moja kabla ya wenzao. Kimsingi jambo hilo ni la haki, kwani karani naye ni raia. Lakini matokeo yake ni kwamba orodha ya wanaoajiriwa imekuwa pia orodha ya wanaopiga kura katika siku yao peke yao, na upinzani umeipinga siku hiyo tangu mwaka 2020. Mtu akiwa hajui orodha ile ilipatikana vipi, hataamini sanduku lake. Dawa ya shaka hiyo imo katika ajira kabla ya kuwa katika ulinzi.

Yapo pia masuala ya watu ambao si wa Tume lakini Tume haiwezi kufanya kazi bila wao. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye ndiye anayetegemewa kusema nani ni mkaazi wa shehia na nani si mkaazi. Mwaka 2009 uandikishaji ulikwama huko Pemba kwa mvutano juu ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Waliokataliwa hawakugombana na ofisi ya kitambulisho, waligombana na Tume, kwa sababu Tume ndiyo iliyokuwa na meza mbele yao. Chombo kinachobeba lawama ya kazi ya mtu ambaye hakikumwajiri, wala hakiwezi kumwondoa, kinatwishwa mzigo usiokuwa wake.

Huko Bara suala la namna hiyo limefika mahakamani. Mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafanya wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, kuwa wasimamizi wa uchaguzi ni kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, nayo ikaona kasoro katika utaratibu ule. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 ikaja na kamati ya usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu wa Zanzibar akiwa makamu wake, ili wanaotaka ujumbe wa Tume waombe na wasailiwe. Ziko hoja za kuikosoa kamati hiyo, hasa kwamba baadhi ya wajumbe wake nao ni wateule. Hata hivyo jambo moja limekubalika: ujumbe wa Tume ni kazi ambayo mtu anaweza kuulizwa maswali kabla ya kupewa.

Sasa tupande juu.

Mwaka 2015 kazi ya vituoni, kwa ushahidi wa watazamaji waliokuwapo, ilikwenda kwa utulivu. Watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba, zikahesabiwa, fomu zikatiwa saini. Matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 yalikwisha kutangazwa. Tarehe 28 Oktoba marehemu Jecha Salim Jecha, Mwenyekiti wa Tume, akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Alitaja sababu kadhaa za kasoro, na moja kati ya hizo iliwashangaza watu kuliko nyingine zote: kwamba wajumbe wa Tume wenyewe walifarakana hadi wengine kuvua mashati wakitaka kupigana, na kwamba wapo waliojifanya wawakilishi wa vyama vyao badala ya kuwa wajumbe wa Tume. Wajumbe wawili waliotokana na upinzani wakasema kwamba hakukuwa na kikao kilichoamua kuufuta. Katiba inataka akidi, na inataka uamuzi uungwe mkono na wajumbe walio wengi. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila ya upinzani mkuu, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani likasitisha msaada wake kwa Tanzania.

Mengi yamesemwa juu ya mkasa ule, na msomaji ana rai yake. Sisi tunauangalia upande mmoja tu, wa uteuzi. Marekebisho yaliyofuata Muafaka yaligawa viti, na kugawa viti kulikuwa na faida: mwaka 2010, chini ya muundo huohuo, matokeo ya karibu sana yalikubaliwa na aliyeshindwa, ingawa sifa kubwa zaidi ni ya maridhiano ya Novemba 2009. Lakini mtu aliyeingia kwa mapendekezo ya chama huona deni. Watu wanne wenye deni, wawili huku na wawili kule, wakikaa meza moja usiku wa matokeo, hukumu yote inabaki kwa watatu waliosalia, na kati ya hao mwenyekiti na mmoja mwingine ni chaguo la Rais mwenyewe, ambaye huenda ni mgombea. Mambo yanapokuwa shwari muundo huo unakwenda. Tofauti inapokuwa ndogo, unapasuka palepale ulipoungwa.

Lipo na jingine ambalo makada wenzetu hawapendi tulitaje. Mwezi wa Juni 2020 marehemu Jecha alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na Chama Cha Mapinduzi kugombea Urais wa Zanzibar. Hakuvunja sheria, na kila raia ana haki hiyo. Lakini aliyekuwa na shaka mwaka 2015 alipoisikia habari ile alihisi amejibiwa, na hakuna maelezo yaliyoweza kumrudisha. Sheria inayomtaka mwenyekiti akae kando ya ugombea kwa miaka kadhaa baada ya kutoka Tume ingemkinga yeye mwenyewe kabla ya kuikinga nchi. Tangu mwaka 2018 uenyekiti umepewa watu wa mahakama, kwanza Jaji Mkuu mstaafu Hamid Mahmoud Hamid na kisha, mwaka 2023, Jaji George Joseph Kazi. Tunauona uteuzi wa namna hiyo kuwa hatua njema, ila bado ni hiari ya anayeteua, na yule atakayekuja baada yake anaweza kuwa na hiari nyingine.

Wapo wanaosema dawa ni kumwondolea Rais uteuzi kabisa. Tuwatazame majirani zetu wa Kenya, waliojaribu mengi. Mwaka 1997 vyama vyao vilielewana kwamba upinzani ushirikishwe katika kuwapata makamishna. Mwaka 2007 Rais Kibaki akajaza nafasi bila kuwauliza, na uchaguzi wa Desemba mwaka ule ukaishia katika vifo vya watu zaidi ya 1,100, huku mwenyekiti wa tume, marehemu Samuel Kivuitu, akisema hadharani kwamba hajui kama aliyetangazwa ndiye aliyeshinda. Wakaandika Katiba mpya mwaka 2010, wakaweka jopo la uteuzi na usaili wa wazi. Lakini mwaka 2018 makamishna watatu walijiuzulu kwa pamoja, mwaka 2022 wanne kati ya saba wakayakana matokeo ya Urais mbele ya waandishi wa habari, na kutoka Januari 2023 hadi Julai 2025 tume ilikaa bila ya kamishna hata mmoja kwa sababu wanasiasa hawakukubaliana juu ya jopo. Wananchi wa jimbo la Banissa, waliofiwa na mbunge wao Machi 2023, walisubiri hadi tarehe 27 Novemba 2025 kumpata mwingine.

Kwa hiyo utaratibu mzuri wa karatasi nao hufa njaa ukikosa watu wa kuulisha. Kwetu sisi muda wa wajumbe humalizika kwa pamoja, na wapya huanza kujifunza kazi kwa pamoja. Ingefaa waingie kwa zamu, ili nusu ya meza iwe imekwisha kuuona uchaguzi mmoja. Nafasi ya Mkurugenzi ingetangazwa na waombaji wakasailiwa, kama wanavyosailiwa watu wa nafasi ndogo kuliko hiyo. Na majina ya wasimamizi wa vituo na makarani yangebandikwa mapema katika ubao wa shehia, yakakaa muda wa kutosha kwa kijiji kuyasoma na kuyapinga, kwani kijiji kinamjua kila mtu. Mafunzo ya siku moja hayatoshi. Kijana asiyeweza kujaza fomu ya matokeo mchana, darasani, mbele ya mkufunzi, hataijaza saa nane ya usiku. Maofisa wa Wizara ya Fedha watatuambia kwamba siku za mafunzo ni fedha. Ni kweli. Marudio ya mwaka 2016 nayo yalikuwa fedha.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa mwaka 2030, na watakaokuwa makarani wake leo wamo skuli.

Yule mwalimu mkuu mstaafu tulitarajia kumkuta tena kituoni uchaguzi uliofuata. Hakuwapo. Tulipokwenda kumtazama nyumbani kwake tulimkuta ukumbini na msahafu wake na redio yake, akatukaribisha kahawa. Tukamwuliza kama alikataa kazi kwa uzee. Akasema hakukataa, alipeleka barua ya maombi kama mara ya kwanza. Jina lake halikurudi katika orodha, na hakuna aliyemwambia kwa nini.